Vidonge vya Homoni Baada ya Saratani ya Matiti: Namna ya Kuishi Navyo Bila Kuvikimbia

Mwezi wa tatu tangu nianze tamoksifeni nilinunua dozi ya mseto kwenye duka la dawa jirani na Soko la Mbuyuni, nikaimaliza yote, na usiku uliofuata nikaamka tena shuka limelowa. Nilikuwa na hakika ni malaria. Moshi, Februari, joto la kukosesha usingizi na mbu wanaimba. Jasho la usiku lingekuwa nini kingine? Sista wa kliniki alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama, ulipima?" Sikupima. "Na homa ulikuwa nayo?" Hapo nikakumbuka kwamba hata kipimajoto sikuwahi kukiweka kwapani.

Naandika haya kwa ajili ya mwanamke aliyeshapita upasuaji, dripu za kemo, na pengine safari ya mionzi kule hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, kisha akakabidhiwa pakiti ya vidonge na maneno mawili matatu: "Utakunywa kila siku, miaka mitano." Mimi ni mgonjwa, si daktari. Tamoksifeni nimeinywa miaka miwili na nusu, sasa niko kwenye letrozoli. Kwenye benchi la kliniki nimewasikia wenzangu wengi wakinong'ona kwamba wao walishaacha zamani ila hawajasema, wanaogopa kugombezwa. Hilo ndilo limenisukuma. Kati ya kuvumilia kimya na kuacha kimya kuna njia nyingi: kubadili saa ya kunywa, kubadili kampuni inayotengeneza, kubadili dawa yenyewe, kuongeza dawa ya kutuliza. Lakini zote zinaanzia mdomoni mwako.

Kwanza, soma boksi lako

Vidonge hivi hupewa wale ambao uvimbe wao ulipopimwa maabara ulionekana unalishwa na homoni. Muulize daktari akuonyeshe kwenye majibu ya kinyama, kile kipande cha uvimbe kilichopimwa. Ni haki yako kuona kwa macho yako kwa nini unakunywa.

Kuna makundi mawili, na maudhi yake hayafanani. Tamoksifeni, kwa kawaida miligramu 20 mara moja kwa siku, haizuii mwili kutengeneza estrojeni. Inakaa mlangoni mwa seli za titi na kuizuia isiingie. Inafaa kwa anayeendelea kupata hedhi na kwa aliyekoma. Kundi la pili ni letrozoli (miligramu 2.5), anastrozoli (1) na eksemestani (25, hii inyweke baada ya chakula). Hizi zinakata uzalishaji wenyewe wa ile estrojeni kidogo ambayo mwili wa mwanamke aliyekoma hedhi huendelea kuitengeneza, hasa kwenye mafuta ya mwili. Boksini majina haya yameandikwa kwa tahajia ya kigeni, kwa hiyo usishangae ukikuta tamoksifeni ina x na haina i mwishoni. Linganisha na cheti chako kabla hujaondoka dirishani.

Kwa dada zangu ambao bado ni vijana: kundi la pili halifanyi kazi likiwa peke yake kama ovari zako zingali hai. Huwa linaambatana na sindano ya kuzilaza, kwa mfano goserelini ya kila siku 28, au ovari kuondolewa. Na hedhi kukatika wakati wa kemo si ushahidi kwamba umekoma. Ovari huweza kuamka baadaye. Ukiwa kwenye letrozoli kisha ukaona damu, usifurahi kwamba ujana umerudi. Nenda kliniki.

Miaka mitano ni kipimo cha kawaida. Wengine huongezewa hadi kumi, wengine huanza na tamoksifeni miaka miwili au mitatu kisha kuhamia kundi la pili, kama mimi.

Saa moja, daftari moja

Chagua saa na uifunge kwenye kitu usichokisahau. Mimi ni chai ya asubuhi. Mwanzoni nilikuwa nakunywa saa mbili usiku. Usingizi ukawa mbaya, nikahamishia asubuhi, ukapungua ubaya. Mwenzangu mmoja yeye ilikuwa kinyume, asubuhi ilimpa kichefuchefu, usiku akalala nacho bila kujua. Dawa haibagui saa, ilimradi iwe ile ile kila siku.

Ukisahau, kunywa ukikumbuka siku hiyo hiyo. Ukikumbuka kesho yake, endelea na cha kesho, usimeze viwili. Tamoksifeni hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo siku moja iliyoruka haijaharibu kitu. Kinachoharibu ni ile "nitapumzika kidogo" inayogeuka miezi.

Daftari lako la kaunta liwe na safu nne tu: tarehe, kilichonisumbua, kwa kiasi gani kati ya 0 na 10, na nilikuwa nafanya nini au nimekula nini. Andika wiki mbili kabla ya kliniki, haina haja kila siku ya mwaka. Daktari ana wagonjwa foleni mpaka mlangoni. Ukimwambia "naumwa viungo" atakuandikia panadol. Ukimwambia "vidole vinakakamaa kila asubuhi kwa saa nzima, siwezi kufunga vifungo vya blauzi, ni wiki ya sita," utakuwa na mazungumzo mengine kabisa.

Joto na jasho

Hili ndilo linalowatesa wengi, tamoksifeni hasa. Linaanzia kifuani au shingoni, linapanda usoni kama mvuke wa sufuria uliyofunua, moyo unadunda, jasho, halafu baridi. Dakika chache limekwisha. Kwa wengi huwa kali miezi ya mwanzo kisha hupoa, ingawa si kwa wote.

Anza kwa kulitofautisha na ugonjwa. Joto la homoni halipandishi kipimajoto. Ukiona nyuzi 38, hiyo ni homa: pima malaria, usinunue mseto kwa kubahatisha kama mimi. Jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili au kupungua uzito linahitaji kipimo cha kifua kikuu. Tusiitwishe tamoksifeni mizigo isiyo yake.

Kisha tafuta kichochezi. Daftari langu lilinionyesha wazi: kahawa ya pili, supu yenye pilipili, na chai iliyochemka ninayoipiga haraka haraka niwahi. Kwa wengine ni pombe, na sherehe za kwetu bila mbege huwa kazi kuzikwepa. Pokea kata, onja kwa heshima, mpe shemeji amalizie. Kahawa sikuiacha, mimi ni mtoto wa Kibosho na nitazikwa karibu na mibuni. Niliibakiza moja ya asubuhi, na nasubiri ipoe.

Kulala nako kuna ufundi wake. Toa shuka la nailoni na mablanketi mazito. Tandika kanga ya pamba juu ya godoro na ujifunike nyingine, ya tatu iwe kando ya mto. Ukilowa unabadilisha gizani bila kuwasha taa wala kuamsha nyumba. Mtungi au chupa ya maji ya baridi iwe karibu. Joto likianza kupanda, vuta pumzi taratibu kwa tumbo, hesabu hadi nne ukivuta na hadi sita ukitoa. Halizimiki, ila hofu inayolikoleza inapungua. Mchana vaa tabaka: blauzi nyepesi ndani, sweta juu. Julai hapa Moshi asubuhi ina baridi ya kweli, na kuvua sweta mara tatu ndani ya hiace utaulizwa kama una mapepo. Jibu, "Ni dawa tu," uendelee na safari.

Ukiwa umejaribu yote kwa wiki kadhaa na bado unaamka mara nne kwa usiku, omba dawa. Zipo zisizo na homoni: venlafaksini kwa dozi ndogo, gabapentini usiku, oksibutinini. Daktari ataangalia ipi inakufaa kwa presha yako na dawa zako nyingine. Usikubali vidonge vya homoni vya "kurudisha estrojeni" kutoka kwa mtu asiyejua historia yako. Hiyo ni kumwaga mafuta kwenye moto uliolipia kuuzima.

Viungo: adui wa letrozoli na ndugu zake

Nilipohamia letrozoli joto lilipungua, nikashangilia wiki sita. Ya saba nilishuka kitandani nikatembea kama bibi wa miaka 90. Magoti, vifundo, vidole. Hii ndiyo sababu kubwa ya watu kuacha dawa za kundi hili. Kwa kawaida huanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, hufika kilele karibu na mwezi wa sita, na kwa wengi hulegea baadaye.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ile tusiyoitaka: mazoezi. Lengo ni dakika 150 za kutembea kwa wiki, mwendo wa kukufanya uongee lakini usiweze kuimba, na mara mbili kwa wiki mazoezi ya nguvu. Siku ya kwanza usijaribu 30. Nilianza na dakika 10, kwenye barabara zile zenye miti za Shanty Town ambako hakuna vumbi la kukukohoza, nikaongeza dakika mbili mbili. Maumivu ya dakika tano za mwanzo ni kutu. Yakizidi kadiri unavyotembea, pumzika na useme kliniki.

Mazoezi ya nguvu hayahitaji jimu. Kaa kwenye kiti kigumu cha jikoni, simama bila kushika, kaa tena, mara nane. Simama mlangoni, sukuma ukuta kama unayesukuma gari lililozimika. Chukua chupa mbili za nusu lita, zijaze maji, zinyanyue. Mkono wa upande uliofanyiwa upasuaji uanze na uzito mdogo zaidi na uuongeze taratibu. Ukianza kuvimba au kuwa mzito, simama hapo na umwone mtaalamu.

Asubuhi vidole vitumbukize kwenye beseni la maji ya vuguvugu, vifungue na kuvifumba dakika tano kabla hujagusa kisu wala ufagio. Panadol husaidia siku mbaya. Brufeni na diklofenaki husaidia zaidi kwa baadhi yetu, ila zina gharama kwa mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo, na wengi wetu tuna kimojawapo, usizigeuze karanga. Ganzi na vidole kuchomachoma usiku huenda ni mshipa wa fahamu wa kiganjani uliobanwa. Taja, una tiba yake.

Miezi miwili ya juhudi ikipita bila nafuu, mwambie daktari maneno haya haya: "Naomba tuangalie kubadilisha." Asiyeivumilia letrozoli huweza kuivumilia anastrozoli au eksemestani, na wapo wanaorudishwa tamoksifeni. Wakati mwingine daktari husimamisha dawa wiki chache makusudi aone kama maumivu ni yake au ni ya umri. Tofauti ya pumziko hilo na la kujipa mwenyewe ni kwamba lina tarehe ya kurudi.

Mifupa

Maumivu unayasikia, mfupa unaopungua husikii chochote mpaka uteleze kwenye ngazi. Kundi la letrozoli huharakisha upungufu huo. Omba kipimo cha wingi wa mifupa mwanzoni kisha kila baada ya miaka miwili hivi. Si kila hospitali ina mashine, kwa hiyo uliza mapema upangiwe. Kalisiamu ya siku nzima ni karibu miligramu 1,200, chakula na vidonge kwa pamoja, na vitamini D yuniti 800. Dagaa waliwe na miiba yao. Mtindi. Sukuma wiki ni bora kuliko mchicha kwa jambo hili, kwa sababu mchicha una kitu kinachoishika kalisiamu isifyonzwe. Kidonge cha kalisiamu kinywewe pamoja na chakula, kisizidi miligramu 500 au 600 kwa mkupuo. Mifupa ikishakuwa dhaifu ipo dripu ya asidi ya zoledroni, na kabla yake meno yaangaliwe.

Ukavu, na mambo ya chumbani

Hapa ndipo sote tunapotazama sakafu. Mume wangu alidhani nimemchoka. Mimi nilidhani amechukizwa na kovu. Tulilala tumepeana migongo karibu mwaka mzima kwa sababu ya kitu ambacho kina jeli ya bei nafuu dukani.

Dawa hizi hukausha uke, kundi la letrozoli zaidi. Hatua ni tatu. Acha kabisa kuosha ndani kwa sabuni, na tupa dawa zote za "kubana". Zinaikwangua ngozi iliyokwisha kuwa nyembamba. Tumia kilainishi cha maji wakati wa tendo la ndoa, kingi, bila aibu, ukifika dukani sema "jeli ya kulainisha, ya maji." Mafuta ya nazi yanafaa pia, lakini si pamoja na kondomu, kwani mafuta huichana. Tatu, kama ukavu unakusumbua hata ukiwa umekaa au unapokojoa, zipo jeli za kulainisha ukeni za siku mbili tatu kwa wiki. Krimu ya estrojeni ya ukeni usiianze bila daktari wako wa saratani kukubali, hata kama daktari mwingine ameiandika kwa nia njema.

Na mwambie mzee. Kama mdomo mzito, nenda naye kliniki umwachie sista aseme. Wangu alitoka pale akiwa kimya, jioni akaja na mfuko wa maparachichi. Kwetu hiyo ni barua.

Uzazi

Fupi lakini lisikwepwe: tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na hedhi ikikatika bado mimba huweza kuingia. Kijiti, sindano, vidonge vya majira na P2 (kidonge cha dharura) vyote ni homoni, si vyetu. Kitanzi cha shaba au kondomu ndivyo. Unayetaka mtoto, lisemwe mapema. Inawezekana kupanga pumziko la muda, lakini dawa inahitaji miezi kutoka mwilini kabla ya kushika mimba.

Kichwa na moyo

Hasira bila sababu, machozi sokoni, kusahau jina la mjukuu. Usiku mmoja wa kulala vizuri huondoa nusu yake, ndiyo maana nimekaa sana kwenye jasho. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya wiki mbili, hutaki kula wala kuona watu, huo si udhaifu wa imani. Mama mchungaji aliniombea, nashukuru, kisha yeye mwenyewe akanisindikiza hospitali. Uchovu usioisha nao upimwe: damu, na tezi ya shingo.

Dawa zinazogombana

Kila dirisha la dawa unalofika, tangaza: "Nakunywa tamoksifeni." Paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, huizuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa katika umbo lake lenye nguvu. Rifampisini ya kifua kikuu huipunguza sana mwilini. Dawa ya kuyeyusha damu ya warfarini hupata nguvu kupita kiasi ikikutana nayo, ukatokwa damu. Hizi si sababu za kukataa tiba ya TB. Ni sababu za madaktari wako wawili kupigiana simu.

Mitishamba na poda za "kubalansi homoni" zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp mimi siziamini, na muuzaji ukimuuliza kilichomo hujibu "asili tupu." Kuhusu soya, tulia. Iliyo kwenye uji wa lishe haina ubaya. Vidonge vya soya iliyokolezwa ndivyo vya kuacha.

Dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata ghafla, kifua kikichoma, au ukikohoa damu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe KCMC, Mawenzi au iliyo karibu nawe, na useme dawa unayokunywa. Tamoksifeni huongeza uwezekano wa damu kuganda. Uso kupinda upande au mkono kufa ganzi ghafla, vivyo hivyo. Damu ukeni kwa aliyekwisha koma hedhi, hata tone, ichunguzwe wiki hiyo. Hatari ya tamoksifeni kuleta saratani ya mfuko wa uzazi ni ndogo, lakini saratani hiyo hujitangaza mapema hivyo. Asiyetoka damu hahitaji ultrasaundi kila mara. Macho yakiingia ukungu, yapimwe.

Kwa sababu hiyo ya damu kuganda, basi la Dar lina adabu yake. Omba siti ya pembeni mwa njia, kunywa maji hata kama unaogopa kukosa choo, kanyaga na kuinua visigino kila nusu saa, na Korogwe wanaposimama kula, wewe shuka utembee kwanza. Ukipangiwa upasuaji wowote, mtaje tamoksifeni mapema. Huenda ikasimamishwa kwa muda.

Dawa isikatike

Maduka huishiwa. Iliwahi kunitokea nikazunguka mji mzima kwa bodaboda nikirudi na boksi la kampuni nyingine, nikaogopa kulifungua. Kidonge ni kile kile kama jina la dawa na miligramu vinalingana, ingawa wapo ambao mwili wao hutambua mabadiliko ya kampuni. Andika jina la kampuni daftarini, ukiona tofauti utaijua imetoka wapi.

Kidonge cha kumi na nne kutoka mwisho ndicho kengele yako: siku hiyo unaenda kununua au kuchukua. Cheti kipige picha, mtumie na mwanao. Na Desemba usiniige. Wachaga wote wanarudi nyumbani, barabara ya Marangu imejaa, kliniki zina likizo, nawe una wageni kumi na wanne na mtori jikoni. Chukua ya mwezi na nusu kabla ya tarehe 10, iweke kabatini mbali na jiko na watoto, na ya siku hizo za mlimani itangulie kwenye mkoba kabla ya nguo za Krismasi.